Mashine Iliyomkataa Delphia Stidham

Katika bonde la Hollin, huko milima ya Kentucky, mwanamke aliyetaka mkate wake usifiwe hakumpelekea Delphia Stidham. Delphia angeugeuza juu chini, angeunusa, angesema, "Umeungua. Na chumvi umesahau." Kisha angeula wote, na kabla hajaondoka angekuoshea vyombo. Siku ya mazishi ya baba mkwe wake, watu walipokuwa wanamsifia marehemu mmoja baada ya mwingine, mtu akakosea akamgeukia yeye: "Na wewe, mkwe, utamkumbuka kwa lipi?" Delphia akafikiri. "Alikuwa mchoyo," akasema, "lakini hakuna aliyepasua kuni kama yeye." Wa kwanza kucheka alikuwa mjane mwenyewe, machozi bado yako shavuni.

Haukuwa ukali. Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alibaki mjane mgodi ulipomwangukia mumewe, akalea mabinti wawili kwa sindano na uzi, na hakuwa na cha kuwarithisha ila hicho: ukiulizwa, jibu, ukijibu, iwe hivyo.

Na kanisa lao liliwafunza hivyo hivyo. Lile kanisa la mbao kule juu ya kijito, wanawake upande wa kushoto, wanaume kulia. Mara moja kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Juni, watu hutawadhana miguu. Si mchezo wala si sherehe. Kabla hujapiga magoti mbele ya mwenzako na beseni, unasimama mbele ya wote na kutoa ulichoficha mwaka mzima: uliyemsengenya, uliyemdanganya, uliyemwekea kinyongo. Mwenye neno moyoni na mtu hashiki mguu wa yeyote. Atabaki kwenye benchi na viatu vyake, na kila mtu atamwona.

Basi kila Juni Delphia alijikung'uta kama gunia la unga. "Nilimwambia dada yangu Vesta sijauona mkasi wake, kumbe nilikuwa nimeukalia." "Nilimwambia mume wangu Lonzo kahawa imekwisha, nikainywa peke yangu." Watu walikaa kumsikiliza Delphia kama wanavyokaa kusikiliza redio. Yeye hakucheka. Akimaliza alivua soksi zake, akakaa na moyo mweupe, hana hata punje.

Mtu aliyezoea hivyo, ndiye aliyekuja kufungwa waya za mashine.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1972, Jumanne, siku ya kupika jamu ya matufaha. Wanawake wa Hollin huipika nje, kwenye sufuria la shaba ambalo mtoto anaweza kuogea ndani yake, na kazi yote ni kukoroga. Unakoroga toka asubuhi hadi jioni kwa mwiko mrefu kuliko jembe, na ukiuacha kwa muda wa kupiga chafya tu, chini kumeungua na matufaha ya mwaka mzima yamekwenda. Lonzo, mumewe, alikuwa mgodini chini ya ardhi. Bibi Icy Caudill wa nyumba ya pili, mjane wa miaka sabini na minne, alikuwa amesaidia kumenya toka alfajiri, akarudi kwake kunyoosha mgongo.

Rondal alikuwa na miaka mitano, mtoto wao pekee. Aliranda kwenye moshi, akatia fimbo motoni, akaitoa, akaitia, akauliza lini itaiva, akauliza tena. Mara ya nne akamgonga mama yake kiwiko, na jamu ya moto ikamrukia Delphia mkononi.

"Toka hapa!" akampigia kelele. "Nenda kaokote kokwa za kula huko juu kwenye miti. Na nisikuone mpaka nikuite!"

Rondal akachukua kopo lake la bati, akapanda njia ya miti. Delphia akafunga mkono kwa kitambaa, akaendelea kukoroga. Alipomwita, jua likiwa limekaa juu ya kilima, hakuna aliyeitika.

Wanaume wa bonde zima walipanda mlimani usiku huo huo, na Jumatano, na Alhamisi, mbwa kwa watu. Delphia alichana sketi yake nyekundu ya flana vipande vipande, wakavifunga kwenye miti kila walipofika, ili asije mtu akarudia mahali palipokwisha kutafutwa. Yeye mwenyewe alikatazwa kupanda. Mkuu wa polisi wa wilaya, Harlis Boggs, alisema mama akae nyumbani, mtoto akirudi amkute. Harlis alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Lonzo. Alimwita Delphia shemeji, na kula kwake Jumapili lilikuwa jambo la kawaida.

"Harlis, niache nipande nikamwite," Delphia alimwambia. "Nilimwambia asije mpaka nimwite mimi. Yule mtoto ni mshika neno."

"Shemeji, wanaume thelathini wanamwita. Sauti ni sauti."

"Si yangu."

"Kaa, Delphie. Kaa unywe kahawa."

Akakaa. Kosa lake la kwanza hilo, alikuja kusema baadaye, na alilitaja kanisani.

Alhamisi mchana akafika mtu kutoka mjini, Bwana Whitlow, mwembamba, kucha safi, na sanduku mfano wa sanduku la fundi cherehani. Ndani yake ilikuwa mashine ya kupima uongo. Harlis alikuwa ameshauriwa na wakubwa wake kuwa mtoto akipotea, waanze na waliokuwa karibu naye. Hakuwa mtu mbaya, tusimzulie. Alikuwa hajalala siku mbili, na mtu aliyechoka akiletewa mashine inayofikiri badala yake, huishukuru.

Waliokuwa karibu na mtoto mchana ule walikuwa wawili tu. Akaanza Bibi Icy. Akafungwa kule jikoni kwa Delphia, akakaa nusu saa, akatoka barazani anajisugua mkono.

"Kanifunga kama nguruwe wa sikukuu," akasema. "Lakini anasema nimefaulu. Tangu nizaliwe sijafaulu mtihani, leo nimefaulu."

Delphia akaingia. Whitlow akamfunga mkanda mkononi kama ule wa kupimia presha, bomba la mpira kifuani, vidude viwili vidoleni. Harlis alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama," Whitlow akasema, "kwanza nitakusomea maswali yote, usije ukashtuka. Utajibu ndiyo au hapana, basi. Umewahi kumdanganya mtu anayekuamini?"

"Ndiyo."

Kalamu ya Whitlow ikasimama. "Fikiri vizuri, mama."

"Nimefikiri. Dada yangu Vesta, habari ya mkasi. Mume wangu, habari ya kahawa. Niendelee?"

"Hapana. Umewahi kumtendea mtoto jambo la kujutia?"

"Kila wiki."

Whitlow akavua miwani, akaifuta. "Watu wengi hujibu hapana hapa."

"Basi watu wengi wanakudanganya, baba. Na wewe unakubali?"

Harlis akakohoa kule mlangoni. Whitlow akageuza karatasi. "Je, wewe ndiye uliyesababisha Rondal kupotea?"

"Ndiyo."

Harlis akatoka pale mlangoni. "Delphie, unasema nini?"

"Nasema nilimfukuza kwenye sufuria. Nisingemfukuza, angekuwepo."

"Sivyo ninavyouliza," Whitlow akasema. "Nauliza kwa mikono yako. Kwa kumdhuru."

"Hapo hapana."

"Basi swali hili likija, jibu hapana."

"Lakini hukuliuliza hivyo."

"Mama, jibu hapana."

Delphia alimtazama Harlis, Harlis akamwashiria kwa kichwa kwamba afuate. Basi akakubali. Mwanamke ambaye hakuna mtu bondeni aliyewahi kumtia jibu mdomoni, siku hiyo alitiwa na mgeni mwenye kucha safi, kwa sababu alidhani kukubali kutamrudishia mtoto upesi.

Mashine ikawashwa. Sindano zake zilikwaruza karatasi kama kuku anavyochakura. Habari ya Vesta: ndiyo, na wino ukatembea umenyooka. Habari ya kumtendea mtoto: ndiyo, umenyooka. Angeshtuka nini? Yale alikuwa ameyasema kanisani kwa sauti, na watu wameyacheka, na yamekwisha. Kisha Whitlow akasema, "Je, wewe ndiye uliyesababisha Rondal kupotea?" Delphia akasema hapana, na sindano zikaruka mpaka pembeni mwa karatasi. Akauliza mara ya pili, zikaruka. Mara ya tatu akalitaja jina tu, kabla ya swali kwisha, zikaruka.

Harlis alikuja barazani baadaye, hakukaa.

"Shemeji, mashine inasema unajua alipo."

"Mashine imemwonea wapi?"

"Sindano imeruka, Delphie. Kila tulipomtaja Rondal, imeruka."

"Ulitaka irukie wapi? Kwenye jina la mama yako?"

"Usifanye mzaha."

"Mimi na mzaha tumeonana wapi, Harlis?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Mtoto wangu yuko mlimani siku ya tatu. Mnamtaja mbele yangu, halafu mnashangaa moyo umeruka?"

Whitlow alikuwa anafunga sanduku. "Mama, mashine haina chuki na mtu," akasema kwa upole. "Haimjui mtu."

"Ndiyo ubaya wake," Delphia akajibu.

Ijumaa asubuhi wanaume wakateremshwa mlimani. Hilo ndilo lililomkata maini Delphia, si jingine. Kuitwa muuaji angevumilia. Angelitaja Juni na kulimaliza. Lakini alisimama dirishani akawaona wale watu thelathini wanarudi na kamba zao, wanapewa koleo, wanaanza kuchimba bustani yake ya kabichi. Wakamwaga maji ya kisima. Wakapasua sakafu ya banda la kuku. Na huko juu, vile vitambaa vyekundu vilikomea pale vilipofika Alhamisi, hakuna aliyefunga kingine.

"Chimbeni usiku," aliwaambia kupitia dirisha. "Chimbeni gizani, kama mnaona haya. Mchana nendeni mkamtafute."

Waliendelea kuchimba. Watu aliokula nao, mmoja wao alipokelewa na mama yake Delphia siku ya kuzaliwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Lakini siku ile ya msema kweli ndiyo iliyofungwa.

Jioni Lonzo aliingia jikoni, udongo mpaka magotini. Hakuwasha taa. "Delphie," akasema, "kuna kitu hujaniambia?"

Miaka tisa ya ndoa, na swali hilo ndilo lililokuja kumkaa Delphia kifuani kuliko mashine.

"Kipo. Nilimfukuza, Lonzo. Nilimwambia nisimwone mpaka nimwite. Hicho tu. Na wewe ndiye wa mwisho ninayekuambia."

Lonzo akavuta kiti, akaweka uso wake katika viganja, akalia kama mtoto. Delphia hakumshika. Angemshika angekuwa anadanganya.

Jumamosi asubuhi, wanaume wako kwenye bustani, koleo zinalia, Bibi Icy akatokea njiani. Amevaa gauni lake la kanisani. Kwa mkono mmoja amebeba beseni la bati, kwa mwingine birika la maji ya moto, na taulo begani. Nyuma yake kuna wanawake watano wa kanisa, kimya, wake za wale wale wachimbaji.

"Bibi Icy, hapa ni mahali pa uchunguzi," Harlis akasema. "Rudi nyumbani, mama yangu."

"Nilikuosha makalio wewe, Harlis Boggs. Nipishe."

Akapita. Akamtoa Delphia ndani, akamkalisha kwenye kiti barazani mbele ya wote, akamvua viatu. Halafu akasimama, kwa sababu kabla ya magoti kuna maneno.

"Dada Delphia," akasema kwa sauti ya kanisani, na koleo zikaanza kunyamaza moja moja, "siwezi kushika mguu wako nina uongo mdomoni. Nataka kuutoa. Juzi huyu bwana wa mjini alinifunga kwenye kiti chako akaniuliza: bibi, umewahi kuvunja sheria ukaficha? Nikamjibu hapana."

Mtu mmoja bustanini alicheka, akajizuia.

"Cheka, Burl, wewe ulikuwa unanunua chupa mbili. Nimepika gongo miaka ishirini na sita nyuma ya banda langu, mume wangu akijua na baada ya kufa kwake. Nikasema hapana! Moyo ulinidunda nikadhani bomba litapasuka. Halafu akaniuliza habari ya mtoto, nikatulia tuli. Ningeshtuka nini? Namwonea huruma, lakini si wa tumbo langu. Akaniambia, asante bibi, umefaulu." Akamgeukia Whitlow, aliyekuwa bado hajarudi mjini, amekaa kwenye ngazi na kikombe cha kahawa. "Nilifaulu au sikufaulu?"

"Bibi, upimaji una kanuni zake. Tunalinganisha swali na swali. Moyo ukiruka kwenye lile la kawaida kuliko lile la kesi, basi..."

"Nilifaulu au sikufaulu?"

Whitlow akatazama kahawa yake. "Ulifaulu."

"Na nilidanganya au sikudanganya? Siulizi wewe. Namuuliza Harlis."

Harlis Boggs alikuwa mkuu wa polisi, amechaguliwa kwa kura za watu wa kanisa, na kila mtu alikuwa hapo na mke wake. Alikunjakunja kofia yake mpaka ukingo ukavunjika.

"Ulidanganya, bibi," akasema.

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nakuja mwenyewe. Nikiwa kijana."

"Na jagi langu la mwisho hujarudisha." Bibi Icy akapiga magoti, polepole, magoti yanalia. "Basi mimi mwongo nimefaulu kwa ajili ya uongo wangu. Huyu kasema kweli yote, habari ya mkasi mpaka kahawa, hakikubaki kitu cha kumtetemesha ila mwanawe. Mkasema ameanguka. Dada Delphia, lete mguu."

Akamtawadha. Maji yalikuwa ya moto na mikono ya Bibi Icy ilikuwa migumu kama gome. Alipomaliza, akapiga magoti mwanamke wa pili, mke wa Burl. Wa tatu. Kila mmoja akisema kwanza: "Jana nilikudhania. Nisamehe." Na kila aliposema hivyo, mumewe kule kwenye kabichi aliinamisha kichwa.

Lonzo ndiye aliyechoma koleo lake ardhini kwanza. Akachukua kamba. Burl akamfuata, na wengine, na hakuna aliyesubiri amri. Delphia alisimama na miguu iliyolowa, akaitia kwenye viatu bila soksi.

"Shemeji, kaa nyum..." Harlis akaanza, halafu akampisha.

Alipanda mbele ya wote. Alifuata vitambaa vya sketi yake kutoka mti hadi mti, mpaka kile cha mwisho. Pale alisimama, akashika kile kitambaa, akavuta pumzi, na akamwita mwanawe kama alivyotakiwa kumwita Jumanne.

"Rondal! Nimekuita sasa! Rondal! Mama amekuita!"

Upepo. Majani makavu. Akaita tena. Na ndipo wote wakasikia, hafifu, mahali fulani chini ya ardhi: bati linagongwa jiwe. Ko. Ko. Ko.

Kilikuwa kishimo cha zamani cha makaa ya mawe, kile ambacho familia huchimba kwa ajili ya jiko lao na kukisahau, mdomo wake umefunikwa na miiba. Toka kitambaa cha mwisho mpaka pale zilikuwa hatua mia mbili na kumi. Lonzo alizihesabu baadaye, peke yake, zaidi ya mara moja. Ilikuwa njia ile ile ambayo wangeipita Ijumaa asubuhi.

Lonzo ndiye aliyetambaa ndani, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Gogo lililooza lilikuwa limemwangukia mtoto mguuni. Maji yalikuwa yakidondoka mwambani, na hayo ndiyo yaliyomweka hai, hayo na kokwa alizopasua kwa jiwe. Alikuwa wa bluu kwa baridi. Neno la kwanza alilomwambia baba yake lilikuwa, "Mama ameshaacha kukasirika?"

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, huko hospitali ya mjini. Daktari alikuwa kijana asiyejua kuficha, na Delphia alimpenda kwa hilo. Alimuuliza, "Ungeletewa Ijumaa?" Daktari akasema, "Ijumaa ningejaribu kuuokoa, mama. Nadhani ningeweza."

Harlis alikuja na kofia yake iliyovunjika ukingo, akasimama miguuni mwa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa limelala bapa upande mmoja.

"Utanisamehe, shemeji?"

"Sijui."

"Umenisamehe sasa?"

"Hapana."

Harlis akaitikia kwa kichwa. Alijua alikuwa anamuuliza nani.

Whitlow hakuonekana tena Hollin. Watu husema kwenye mashine zile bado wanafungwa akina mama na akina baba ambao watoto wao hawajulikani walipo, na wapimaji wanaziamini kabisa. Hayo ni yao. Hollin walikuwa wamekwisha kuona zinapima nini: zinapima aliyeumia.

Juni iliyofuata, mzee wa kanisa alipouliza kama kuna mwenye neno na mtu, Delphia akasimama. "Ninalo," akasema. "Na Harlis Boggs. Siku nzima ya mwanangu." Akakaa, viatu mguuni, wenzake wakatawadhana bila yeye. Watu walidhani ni mwaka mmoja. Juni ya pili akasimama: "Ninalo." Ya tatu. Ya sita. Mchungaji alimwendea nyumbani.

"Dada Delphia, sema tu umemsamehe. Moyo utafuata mdomo."

"Kuna mtu aliwahi kunitia jibu mdomoni kwenye meza hiyo hiyo uliyokaa," akamjibu. "Kunywa kahawa yako. Imechacha, lakini ni ya moto."

Lonzo alisamehewa mapema, kwa lile swali lake la gizani. Alikuwa amezihesabu zile hatua, hiyo ilitosha. Lakini Harlis alikuwa jambo jingine. Hakuwa muumini wa kanisa, ila kila Jumapili ya pili ya Juni alikuja, akakaa benchi la nyuma upande wa wanaume, akasikiliza jina lake likitajwa, akaondoka. Mara kumi na moja. Hakuwahi kukosa. Rondal alikua akimwona pale nyuma kila mwaka, na mguu wake wa mti unagonga sakafu, na hakujua kumchukia.

Kisha, vuli ya mwaka 1983, msichana wa miaka saba akapotea bonde la pili. Mama yake alikuwa mlevi, na kila kidole kilikuwa kimemwelekea. Harlis alikuwa amekaa nje ya kazi miaka kadhaa, na alikuwa amechaguliwa tena miaka miwili kabla. Wakubwa wakampigia simu: tukuletee mashine? Akasema hapana. Wakasema watu wanamnong'ona yule mama. Akasema, "Wanong'one huku wanatembea." Akawaweka watu mtoni siku sita, na yeye mbele yao. Siku ya sita akamkuta yule msichana, amenasa kwenye magogo, amekufa maji. Hakuna mtu aliyemgusa yule mtoto. Aliteleza tu.

Delphia alikuwa amekwenda kumpikia yule mama maharage na mkate wa mahindi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekwenda. Alikuwa barazani Harlis alipomleta mtoto mikononi, akamkabidhi mama yake, akakaa chini kwenye ngazi na kuvua buti. Ngozi ya nyayo ilitoka na soksi. Siku sita majini. Delphia alisimama juu yake na sufuria, akaitazama ile miguu. Kisha akaingia ndani.

Aprili Harlis alibatizwa kwenye kijito, maji bado yana barafu pembeni. Juni ikafika. Mzee wa kanisa akauliza, na watu wote, bila kutaka, wakageukia upande wa wanawake. Bibi Icy, miaka themanini na sita, akaacha hata kutafuna ufizi.

Delphia akasimama. Alikuwa kama mtu anayepekua mfukoni.

"Mwaka huu," akasema, "nimetafuta. Sina."

Akavua viatu vyake, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Wanawake hawatawadhi wanaume katika kanisa lile, na yeye hakuvunja desturi. Alichukua beseni lake, akalipeleka mpaka katikati ya kanisa, akampa mwanawe, ambaye alikuwa kijana wa miaka kumi na saba sasa. Rondal akaenda nalo mpaka benchi la nyuma, mguu mmoja wa nyama na mmoja wa mti, maji hayakumwagika. Akapiga magoti jinsi alivyoweza.

Harlis alikaa na mikono magotini, haamini kama ni yeye.

"Vua buti, Harlis," Delphia akamwambia kutoka upande wa pili. "Ila zikinuka, nitasema."